Walichora bure, mashine ikavuna

Nina ugomvi na neno moja: maudhui. Siku hizi kila kitu ni maudhui. Mtu kapika pilau, maudhui. Kafiwa, maudhui. Mtoto wa watu kakesha anachora picha ya Naruto kwa penseli na rangi alizoazima kwa mdogo wake, naye anaambiwa ametengeneza maudhui. Mimi ni mwandishi wa gazeti, neno hili nalisikia chumba cha habari kutwa nzima na nimeshalizoea kama nilivyozoea chai ya kantini yetu. Lakini likitumika kwa watu ninaotaka kuwazungumzia leo, linaniudhi kabisa.

Watu wenyewe ni mashabiki. Simaanishi wa Simba na Yanga, hao wana ukurasa wao wa michezo. Namaanisha wale waliopenda filamu, kitabu, katuni au mchezo wa kompyuta mpaka wakashika penseli wakachora wahusika wake, kisha wakaiweka picha kwenye intaneti ili wenzao waione. Tuiite sanaa ya mashabiki. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hadi kama 2010 hivi, sanaa hii ilikuwa na maisha yake mtandaoni ambayo naona yamekufa, na sababu inayotajwa kila mara kwamba pesa ndiyo iliyoyaua mimi siikubali. Nitaeleza kwa nini, ila kwanza ngoja nieleze kilichokufa.

Najua utauliza: wewe kijana umezaliwa 1998, enzi hizo ulikuwa wapi? Swali la haki. Mwanzo wake nilikuwa mgongoni kwa mama. Mkia wake niliudaka kupitia kaka yangu, ambaye alikuwa akienda intaneti kafe Mwenge na flashi yake, analipia nusu saa, anajaza picha, anarudi nazo nyumbani tuzitazame kwenye kompyuta kuukuu isiyo na mtandao. Dragon Ball, Naruto, Final Fantasy, Harry Potter. Wakati huo intaneti yetu bado ilipita kwenye setilaiti. Mkongo wa SEACOM ulifika pwani hii Julai 2009. Kwa hiyo picha moja kaka aliipata kwa jasho. Nilizinakili kwenye daftari la hesabu, na nilikuwa na hakika kwamba wachoraji ni mabwana wakubwa wa makampuni ya Tokyo. Nilipokuja kupata intaneti mwenyewe, niko kidato cha tatu, nikaanza kuzitafuta anwani zilizoandikwa kwa herufi ndogo kwenye kona za zile picha. Bwana mkubwa wa kwanza kumpata alikuwa msichana wa Brazili aliyechora ile picha akiwa sekondari. Chini yake ameandika kwamba mikono imemshinda, kama kuna anayejua kuchora vidole amfundishe tafadhali.

Na walimfundisha! Hicho ndicho kilichonishika. Watu kumi na kitu, wengine na michoro ya vidole waliyomchorea wao wenyewe, hatua kwa hatua. Mmoja alimweleza kiganja kinavyokunjika kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kwenda posta.

Tangu hapo nimekuwa nasoma historia ya mambo haya kila nipatapo nafasi, na naweza kukuchosha nayo. Mashabiki kuchorana hakukuanza na kompyuta. Mashabiki wa Star Trek huko Marekani walikuwa na jarida lao la kujitengenezea, Spockanalia, tangu 1967. Kilicholetwa na intaneti ni mtaa. GeoCities, iliyoanza 1994, iligawa viwanja vya bure na ikavipanga kwa mitaa: wapenzi wa hadithi za anga na mazimwi walikaa Area51, wapenzi wa katuni za Kijapani walikaa Tokyo. Unapewa kiwanja, unajenga kibanda chako, unapaka rangi za kuumiza macho, unatundika picha zako, na mlangoni unaweka kitabu cha wageni, sawasawa na kile cha msibani au harusini. Mgeni akipita anaandika jina na neno la heri. Halafu kulikuwa na kitu kikiitwa webring. Wenye kurasa za aina moja waliziunganisha kwa duara, chini ya ukurasa unabonyeza "inayofuata" unapelekwa kwa jirani, na jirani wa jirani, mpaka unarudi ulikotoka. Hakuna mashine iliyokuchagulia. Aliyekutuma kwa jirani ni mwenye nyumba.

Kule Uswidi kulikuwa na Elfwood, iliyoanza 1996 ikihifadhiwa kwenye kompyuta za wanafunzi wa chuo kikuu cha Linköping, picha zikikaguliwa na watu wa kujitolea. Wajapani walikuwa na oekaki, mbao ndogo za kuchorea ndani ya ukurasa wenyewe: unachora kwa kipanya kwenye kiboksi kidogo, mwenzako anakuja anachora chini yako kukujibu. Fikiria mazungumzo ya picha kwa picha, watu wakijibizana kwa vikatuni usiku kucha. Na Agosti 2000 ikazaliwa DeviantArt, Marekani, ambayo mwanzoni wala haikuwa ya mashabiki wachoraji. Ilikuwa ya watu waliopenda kubadilisha sura ya programu za kompyuta kama Winamp. Wachoraji wakaingia, wakajaa, wakaifanya yao.

Kuweka picha moja ilikuwa shughuli. Unachora kwenye karatasi. Unatafuta skana, ya shule au ya ofisini kwa baba. Unasafisha mistari, unapaka rangi kwa kipanya (kipanya!), unaipunguza picha mpaka iwe nyepesi, maana kwa modemu ya simu za nyaya kilobaiti 100 zilichukua kama sekunde 15 mambo yakienda vizuri, na mambo hayakuwa yanakwenda vizuri. Aliyeamua kuifungua picha yako alikuwa amekubali kuisubiri ikishuka mstari kwa mstari, nywele kwanza, halafu paji la uso, halafu macho. Mtu aliyesubiri hivyo haondoki bila kusema kitu.

Sasa usinielewe vibaya, sisemi ilikuwa pepo. Kulikuwa na wizi wa picha, matusi, ugomvi wa nani ampende mhusika gani ambao ungeweza kudumu miezi. Michoro mingi ilikuwa mibaya, macho moja juu moja chini. Namba nazo zilikuwapo. Usiamini mtu akikuambia zamani watu hawakuhesabu. Kurasa zilikuwa na kihesabio cha wageni tena kimewekwa mbele kabisa. Ila tazama walivyokitumia. Wajapani walikuwa na desturi iitwayo kiriban, ikasambaa mpaka DeviantArt: mgeni ambaye kihesabio kinamwangukia namba ya duara, tuseme 1,000 au 10,000, anapiga picha ya kioo chake kama ushahidi, na mwenye ukurasa anamchorea picha yoyote anayoitaka. Namba ilikuwa bahati nasibu ya jirani. Leo namba hiyohiyo ni cheti cha kuamua kama wewe ni mtu au si mtu.

Haya, turudi kwenye pesa.

Hoja ya kawaida inakwenda hivi: zamani walichora kwa mapenzi, baadaye biashara ikaingia, mapenzi yakatoka. Ni hoja tamu na inaandikika kirahisi. Lakini iweke mbele ya Japani uone inavyoyumba. Desemba 1975, mjini Tokyo, mashabiki walifanya soko lao la kwanza la Comiket, vikundi 32 na watu kama 700. Walikuja kuuza, tena kuuza kwa fedha taslimu: vijitabu walivyochora wenyewe, dojinshi, vingi vikiwa na wahusika wa watu wengine. Soko hilo lipo mpaka leo na limekuwa kubwa kupita uwanja wowote wa mpira unaoujua. Pesa imekuwapo pale kwa nusu karne na sanaa ya mashabiki haijafa. Kwa nini? Jibu langu lipo kwenye desturi yao moja: Comiket haina wateja. Kwa utaratibu wao anayeuza anaitwa mshiriki, anayenunua anaitwa mshiriki, anayepanga viti anaitwa mshiriki. Ukidhani ni maneno matupu, kumbuka kwamba muuzaji wa meza ya leo ndiye anayepanga foleni kwenye meza ya mwenzake saa moja baadaye.

Kwa hiyo mimi nasema kilichouawa ni ushiriki. Pesa ilikuja baadaye kuchukua maiti.

Huku kwetu tuna mfano wake, na haukuhitaji intaneti. Unazikumbuka mbao za vinyozi? Sura ya 2Pac imechorwa kwa rangi ya mafuta, shingo ndefu kidogo, pembeni Will Smith mwenye masikio yasiyo yake, chini "Brooklyn Barber Shop, Manzese". Hiyo ni sanaa ya mashabiki, ndugu zangu, tena ya hali ya juu. Mchoraji alilipwa, kinyozi alipata wateja, na vijana wa mtaa walisimama wakibishana kama ile pua ni ya 2Pac au ya shemeji yake mchoraji. Nairobi matatu zilibeba sanaa hiyohiyo barabarani. Sasa nenda kaangalie saluni nyingi za leo: bango la plastiki lililochapwa, picha imetolewa mtandaoni, kichwa kile kile Mbagala, kichwa kile kile Tabata. Hakuna anayesimama kubishana. Ubishi wa nini na picha haina mtu?

Turudi mtandaoni. Mambo yaligeuka polepole, na naweza kuonyesha vituo. Kwanza kabisa kulikuwa na ule mkataba ambao haukuandikwa: mimi sichumi, wewe hunishtaki. Chini ya picha nyingi za zamani utakuta mstari unaosema mhusika huyu si wangu, ni wa fulani, mimi napenda tu. Kisheria mstari huo haukuwa na nguvu yoyote ya kutisha. Ilikuwa ni kama kupiga hodi. Mwishoni mwa 2000 kampuni ya Warner Bros. ilijaribu kuvunja mkataba huo, ikaanza kuwatumia barua za kisheria mashabiki wa Harry Potter wenye tovuti, wengine watoto wa shule, ikidai majina ya tovuti zao. Mashabiki wakagoma, wakatangaza kususia bidhaa, magazeti yakaingilia, na 2001 kampuni ikalegeza. Watoto wakashinda! Habari nzuri kama hii mhariri yeyote angeipeleka ukurasa wa kwanza.

Lakini somo walilolipata makampuni siyo kuwaheshimu mashabiki. Waligundua kwamba kiwanja hakikuwa cha mashabiki. Yahoo iliinunua GeoCities 1999, na Oktoba 2009 ikaifunga. Mitaa mizima ikabomolewa kama vibanda vya barabara ya mwendokasi, na kilichobaki ni kile walichowahi kukiokota wahifadhi wa kujitolea. Mei 2007 LiveJournal, ambako mashabiki wengi walihamia, ilifuta kurasa kama 500 kwa siku chache ikidai kusafisha uchafu, na zikafutwa pamoja nazo jumuiya za mashabiki. Tumblr ilinunuliwa na Yahoo kwa dola bilioni 1.1 mwaka 2013. Desemba 2018 ikapiga marufuku picha za watu wazima na kuikabidhi mashine kazi ya kuzitambua, mashine ikaanza kuzifungia picha zisizo na kosa lolote. Wachoraji wakahama tena. Kila wakihama wanaacha vitu: maoni, urafiki, yale mafunzo ya vidole. Anayehama huhama na begi la picha tu.

Na kule walikohamia ndiko kwenye tatizo kubwa zaidi. Instagram ilipoanza 2010 ilikuonyesha picha kwa mpangilio wa saa, aliyeweka mwisho anatokea juu. Mwaka 2016 wakaanza kuruhusu mashine ipange. Katikati ya 2021 mkuu wake akasema wazi kwamba wao si tena programu ya kugawana picha tu, macho yao yako kwenye video. Mchoraji aliyetumia siku nne kwenye mchoro akagundua kwamba kinachotakiwa ni sekunde 15 za mkono wake ukichora, muziki juu. Mtazamaji naye hasubiri tena paji la uso lishuke. Anapitisha kidole gumba.

Biashara yenyewe nitaipitia haraka kwa sababu wengi mnaifahamu: tovuti kama Redbubble, iliyoanza Australia 2006, za kuchapa picha yako kwenye fulana, kikombe au stika; Patreon tangu 2013 ya kuomba mchango wa kila mwezi. Mimi sina tatizo nazo. Nina kisa kimoja tu lazima nikisimulie. Desemba 2019 wachoraji wa Twitter waligundua kwamba ukiandika chini ya picha "natamani hii kwenye fulana", programu za wezi zinaidaka picha hiyohiyo na kuiweka sokoni bila kumuuliza mtu. Wachoraji wakaamua kutega. Wakachora Mickey Mouse na maandishi ya kukiri wizi, kisha wakaandikiana kwa wingi "jamani nataka fulana hii!" Mashine zikameza chambo, fulana zikaonekana dukani zikijitangaza zenyewe kuwa ni mali ya wizi, na mashabiki wakasubiri wanasheria wa Disney waamke. Nilicheka mpaka dereva wa daladala akageuka kunitazama. Ulikuwa ni ushiriki wa zamani umerudi kwa siku moja.

Kisha ikaja 2022, na hapo hakuna cha kuchekesha.

Ili kuifundisha mashine kuchora unahitaji picha nyingi kupita kiasi, na kila picha iwe na maneno yanayoieleza. Hifadhi kubwa ya anwani za picha iitwayo LAION, iliyotolewa Machi mwaka huo, ilikuwa na picha zaidi ya bilioni 5 na maneno yake. Zilikusanywa kutoka intaneti nzima. Watafiti wawili walipochungulia kipande cha picha milioni 12 tu miongoni mwa zilizotumika kuifundisha Stable Diffusion, walikuta kama 67,000 zimetoka DeviantArt na 28,000 Tumblr. Kipande tu, kumbuka. Na unajua kwa nini mitaa ya mashabiki ilikuwa shamba zuri? Kwa sababu mashabiki ni watu wenye adabu ya maelezo. Waliandika jina la picha, jina la mhusika, jina la mchoraji, ili mwenzao aipate. Adabu ile ikawa chakula cha mashine.

DeviantArt yenyewe, ambayo Wix iliinunua 2017 kwa dola milioni 36, Novemba 2022 ilizindua mashine yake ya kuchora, DreamUp. Siku ya kwanza ilimtaka kila asiyependa kazi zake zitumike kufundisha mashine aende mwenyewe kujitoa, picha moja baada ya nyingine. Watu waliokuwa pale miaka ishirini, wengine wameshafariki na kurasa zao zimebaki kama makaburi yanayotunzwa na marafiki, waende wajitoe! Kelele zilipigwa, na siku hiyohiyo utaratibu ukageuzwa. Januari 2023 wachoraji watatu wa Marekani walifungua kesi dhidi ya Stability AI, Midjourney na DeviantArt, na Agosti 2024 jaji aliruhusu madai ya msingi ya hakimiliki yaendelee. Machi 2025 mliona wenyewe: ChatGPT ilipopewa uwezo mpya wa picha, wiki moja nzima kila harusi, kila mahafali, kila mtoto wa Dar es Salaam aligeuzwa katuni ya Ghibli. Kwenye kundi letu la WhatsApp la chuo nilihesabu 43 kwa siku moja. Hakuna hata mtu mmoja aliyeandika kitu chini ya picha ya mwenzake zaidi ya moyo. Ungeandika nini? Vidole vilikuwa sawa.

Nina rafiki Kinondoni ambaye huchora kwa oda. Mtu anataka picha yake na mchumba wake wakiwa wahusika wa katuni ya Kijapani, analipa kwa M-Pesa, kazi inatoka baada ya siku mbili. Nilimsomea sehemu ya haya niliyoandika. Akanitazama kwa huruma.

"Kaka, kumbukumbu hazilipi kodi ya chumba."

Ni kweli, na mtu aliyesomeshwa kwa jasho la wazazi hawezi kumwambia mwenzake achore bure ili sisi tufurahi. Wale wa zamani walichora bure kwa sababu wengi walikuwa wanafunzi wa nchi tajiri, chakula kiko mezani, umeme haukatiki. Hilo linasahaulika sana kwenye hadithi hizi. Lakini nilimuuliza mara ya mwisho alichora lini kitu ambacho hakuna aliyekiagiza. Akafikiri. Akafungua droo akanionyesha michoro mitatu ya penseli, mmoja wa Goku amekaa kibarazani na kanzu na kofia ya kiua anacheza bao na babu mmoja, na babu anamshinda. Mzuri, nakuapia. Hajaumalizia, na hajauonyesha popote. Kwa nini? "Huu hautatembea." Hakusema ni mbaya. Alisema hautatembea, yaani mashine haitausukuma, na akiweka kitu kisichotembea, hata vile vya oda vitaonyeshwa watu wachache zaidi. Mchoro mmoja wa mapenzi unaweza kumgharimu mteja. Tuna kijana Kinondoni anayeogopa kuchora Goku anacheza bao.

Kama ni pesa tu, huyu tayari anazo, kidogo lakini anazo. Anachokosa ni watu kumi na kitu wa kumwambia kwamba mkono wa babu unaoshika kete umekaa vibaya.

Kuna jambo linanikera kuliko yote. Mashabiki waandishi wa hadithi walipofutiwa kurasa 2007 walikasirika, wakachanga, wakaanzisha shirika lao lisilo la faida, na 2009 wakafungua maktaba yao wenyewe, Archive of Our Own. Haina tangazo hata moja, haina mashine ya kukuchagulia, na 2019 ilipata tuzo ya Hugo. Ni yao, hakuna wa kuiuza. Wachoraji hawakuwahi kupata nyumba ya namna hiyo. Sababu si uvivu. Picha ni nzito. Hadithi ya kurasa 300 ina uzito mdogo kuliko mchoro mmoja wa rangi, na anayelipia umeme na kompyuta za kuhifadhi anaujua uzito huo kwa hesabu. Juni 2024 wachoraji walipokimbia Instagram kwa hasira za akili mnemba, walikimbilia Cara, programu iliyoanzishwa na mpiga picha Jingna Zhang na kuendeshwa na watu wachache wa kujitolea. Kwa wiki moja hivi ilitoka watumiaji kama 40,000 ikafika 650,000. Furaha ilikuwa kubwa. Halafu ikaja bili ya kampuni inayowahudumia mitambo: zaidi ya dola 96,000.

Kwa hiyo wengine wamerudi kwenye vibanda. Tangu 2013 kuna Neocities, inayogawa viwanja vya bure kwa mtindo wa zamani, na vijana wadogo kuliko mimi wanajenga huko kurasa za rangi za kuumiza macho, zenye kitabu cha wageni na webring, kana kwamba ni 1999. Wengine wanazipitisha picha zao kwenye Glaze na Nightshade, programu za Chuo Kikuu cha Chicago zinazoivuruga mashine ikijaribu kuzila. Ni wachache. Sijui kama watafika popote, na wala sidhani kama wana mpango wa kufika.

Juzi usiku nilimtumia rafiki yangu anwani ya kibanda kimoja cha huko, cha mtu anayechora wahusika wa Dragon Ball wakifanya kazi za nyumbani: wanaosha vyombo, wanafua, wanamenya viazi. Kitabu cha wageni kina majina kama mia mbili. Nikamwambia yule Goku wa bao angepata jirani mzuri pale. Akajibu kwa swali moja: wafuasi wanahesabiwaje huko?

Nikamwandikia kwamba hawahesabiwi. Tiki mbili za bluu, tangu juzi.